GNU Make kwenye mizani ya herufi maalumu

Mtu akiandika nenosiri `nyota$Kale9` ndani ya faili la GNU Make, chombo cha kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, kwa mstari wa kawaida kabisa, `NENO := nyota$Kale9`, chombo kitaupokea mstari huo bila onyo lolote na baadaye, kigeu hicho, yaani jina `NENO` linaloshika thamani, kitakapohitajika, kitatoa `nyotaale9`. Herufi mbili zimetoweka katikati. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala namba ya mstari iliyotajwa, na mtumiaji atakayeambiwa na hifadhidata kwamba nenosiri si sahihi atakwenda kulitafuta kosa kwenye hifadhidata, mahali ambapo halipo. Najua kwamba nenosiri halipaswi kuandikwa ndani ya faili la ujenzi hata kidogo, lakini mfano huu unafaa kwa sababu unaonyesha kwa mstari mmoja tabia ya chombo ninachokitathmini hapa.

Tathmini hii haihusu kasi ya GNU Make, wala uwezo wake wa kugawa kazi kati ya vichakataji vingi, mambo ambayo yamekwisha kusifiwa vya kutosha. Ninauliza jambo moja tu: ukiandika herufi ambayo kwa chombo hiki ina maana ya pekee, je, itafika mwisho wa safari kama ulivyoikusudia, na isipofika, utajulishwa? Toleo ninalolitumia ni 4.4.1, lililotoka mwaka 2023, ingawa nitalazimika kuyataja matoleo ya zamani, kwa kuwa katika suala la herufi maalumu matoleo hayakubaliani.

Asili ya tatizo ni ya muda mrefu. Stuart Feldman aliiandika Make ya kwanza katika Bell Labs mwaka 1976, na faili lake lilikuwa orodha fupi ya kanuni: lengo, yaani faili la kujengwa, nukta mbili, vitangulizi vya lengo hilo, yaani mafaili linayoyategemea, na chini yake amri za kutekelezwa. Amri hizo Make haizitekelezi yenyewe, bali huzikabidhi kwa sheli, yaani programu inayopokea amri za maandishi na kuziendesha. Kwa hiyo kila mstari wa amri husomwa mara mbili na wasomaji wawili tofauti. Make husoma kwanza na kubadilisha inachokifahamu. Sheli husoma kilichobaki na kubadilisha inachokifahamu yenyewe. Alama ya dola ina maana kwa wote wawili, na maana hizo hazifanani.

Hebu tuifuate ile dola mpaka mwisho wa safari yake. Kwa Make, dola isiyofuatwa na mabano humaanisha kigeu chenye jina la herufi moja tu, ile inayoifuata. Ndiyo maana `$Kale9` husomwa kuwa ni thamani ya kigeu `K`, ikifuatwa na maandishi `ale9`. Na kwa kuwa `K` hakipo, mahali pake pakabaki patupu. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anayeandika `$HOME` katika amri hupata `OME`. Kinga inayotolewa na chombo ni kuirudia dola: `nyota$$Kale9`. Sasa Make inatoa `nyota$Kale9`, na mwandishi anadhani amemaliza. Lakini amri ikiwa ni `echo $(NENO)`, sheli inapokea `echo nyota$Kale9`, inatafuta kigeu chake yenyewe kiitwacho `Kale9`, inakikosa, na inachapa `nyota`. Alama mbili za nukuu (`"`) hazisaidii, kwa kuwa ndani yake sheli bado huitafsiri dola. Alama moja ya nukuu inasaidia, `'$(NENO)'`, mpaka siku ambayo thamani yenyewe itakuwa na alama hiyo ndani yake, na hapo kinga inavunjika kwa namna nyingine.

Njia ninayoiamini ni kuiondoa thamani hiyo mikononi mwa Make kabisa. Thamani huwekwa kwenye mazingira ya mfumo, yaani vigeu ambavyo kila programu hukabidhiwa inapoanzishwa, kabla Make haijaanza, na amri ikaandikwa `"$$NENO"`. Make huigeuza kuwa `"$NENO"` na kuishia hapo. Sheli huchukua thamani kutoka kwenye mazingira, na haiitafsiri mara ya pili. Lakini ole wake atakayeandika `$(NENO)` badala ya `"$$NENO"` katika hali hiyo hiyo, kwa sababu Make huyafanya mazingira kuwa vigeu vyake, na kigeu kilichotoka huko kikiitwa kwa mabano, dola iliyomo ndani yake hutafsiriwa kama kawaida. Tofauti ya mabano na dola ya pili ndiyo tofauti ya nenosiri zima na nenosiri lililokatwa.

Kwa haki ya chombo, kinazo nyenzo za kuyaona haya, na ni nyenzo nzuri. Amri ya `make -n` huchapa kila amri kama itakavyokabidhiwa kwa sheli, bila kuiendesha. Yaani hukuonyesha mpaka kati ya msomaji wa kwanza na wa pili, jambo ambalo vyombo vingi vya ujenzi huficha. Ukiona kwamba herufi imetoweka tayari katika `make -n`, mla herufi ni Make. Ukiiona bado ipo, mla herufi ni sheli. Chaguo la `--warn-undefined-variables` nalo lingetoa onyo kuhusu kigeu `K` katika mfano wetu tangu mwanzo. Lawama yangu ni kwamba chaguo hilo halitumiki mpaka uliombe, na anayelihitaji zaidi ni yule ambaye hajui kwamba lipo.

Alama ya `#` ina hadithi fupi zaidi lakini inayoudhi zaidi. Katika faili la Make alama hiyo huanzisha maelezo, na atakayeitaka kama herufi ya kawaida huikinga kwa mkwaju wa nyuma: `\#`. Hadi hapo hakuna gumu. Lakini mpaka toleo la 4.2 kinga hiyo ilihitajika hata ndani ya mwito wa funksheni, yaani kazi iliyojengewa ndani ya Make, kama `$(shell echo '\#')`, na kuanzia toleo la 4.3 la mwaka 2020 haihitajiki tena. Si hivyo tu, ukiiweka, mkwaju unabaki na kuingia kwenye thamani. Mstari ule ule, usioguswa na mtu, hutoa majibu mawili tofauti kwenye kompyuta mbili. Mabadiliko yenyewe naona yalikuwa sahihi, kwa sababu kanuni mpya inaeleweka kwa urahisi zaidi, na maelezo ya toleo hilo yaliyataja waziwazi pamoja na njia ya kuandika mafaili yanayokubalika pande zote mbili: weka `H := \#` mahali pamoja, kisha tumia `$H` kila unapoihitaji alama hiyo. Hata hivyo wengi hawasomi maelezo ya toleo la chombo kilichokuja pamoja na mfumo wao. Ikumbukwe pia kwamba Apple bado inasambaza toleo la 3.81 la mwaka 2006 pamoja na nyenzo zake za wasanidi, hivyo mradi unaojengwa kwenye macOS na Linux kwa wakati mmoja unaishi pande zote mbili za mpaka huo kila siku.

Mafaili ya ujenzi ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo wa uendeshaji, yanatoa somo zuri hapa. Ndani yake utakuta vigeu vidogo vilivyowekwa kwa ajili ya herufi moja moja: `comma` kwa ajili ya mkato, `quote` na `squote` kwa ajili ya alama za nukuu, `pound` kwa ajili ya `#`, na `space`, ambayo imeundwa kwa kuweka nafasi kati ya vigeu viwili vitupu, kwa kuwa Make ingeifuta nafasi iliyo mwanzoni mwa thamani. Mgeni akiyaona anaweza kudhani ni mapambo. Si mapambo hata kidogo. Hiyo ndiyo njia pekee iliyo safi ya kuipitisha herufi kama hiyo ndani ya funksheni ya chombo hiki, kwa sababu Make huugawa mwito katika hoja zake, yaani vipande vinavyotenganishwa na mikato, kwanza, na ndipo huvifungua vigeu vilivyomo.

Mkato ndio unaodhihirisha umuhimu wa jambo hilo. Anayeandika `$(if $(TATUA),-Wl,-rpath=/opt/lib)` anakusudia kusema: ikiwa `TATUA` kina thamani, mpe kiunganishi, yaani programu inayounganisha vipande vya programu, chaguo zima la `-Wl,-rpath=/opt/lib`. Make inasoma hoja tatu. Kigeu kikiwa na thamani, inatoa `-Wl` peke yake; kikiwa kitupu, inatoa `-rpath=/opt/lib`, ambayo haikukusudiwa itokee katika hali hiyo kabisa. Mikato yote miwili ni halali kisarufi, kwa hiyo hakuna cha kulalamikiwa na chombo. Hapa simlaumu sana aliyebuni lugha, kwa kuwa mkato lazima utenganishe kitu fulani. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna namna ya kuyafunga maandishi yasitafsiriwe. Make haina alama za nukuu zake yenyewe. Nukuu unazoziona katika faili la Make ni za sheli, na Make inazipita kama herufi nyingine yoyote. Ukilishika jambo hili moja, nusu ya mafumbo ya chombo hiki yanafumbuka.

Nafasi ndiyo udhaifu mkubwa zaidi wa chombo, nao hautibiki. Orodha zote ndani ya Make, iwe ya vitangulizi, ya majina ya mafaili au ya hoja, ni maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi. Faili liitwalo `ripoti mpya.c` likitolewa na `$(wildcard *.c)` hugeuka maneno mawili, `ripoti` na `mpya.c`, na Make italalamika kwamba haina kanuni ya kulijenga lengo liitwalo `ripoti`. Unaweza kulikinga jina hilo kwa mkono, `ripoti\ mpya.c`, mahali pa kitangulizi, na katika amri ukaandika `"$<"` (kitangulizi cha kwanza) kwa nukuu; hilo hufanya kazi. Lakini mara tu unapoliingiza jina hilo katika `$^` (orodha ya vitangulizi vyote), `$(sort ...)`, `$(dir ...)` au funksheni nyingine inayoshughulika na orodha, kinga inapotea na jina linakatika tena. Nimejaribu mbinu ya kuibadilisha nafasi kuwa herufi nyingine kabla ya funksheni na kuirudisha baadaye, na ninakiri kwamba inafanya kazi, ila faili linalotokana nayo halisomeki na mtu mwingine. Kiini cha Linux, ambacho waandishi wake wanaijua Make kuliko wengi, hakihangaiki na mbinu hizo: folda yake ikiwa na nafasi au nukta mbili katika njia yake, ujenzi husimama palepale kwa ujumbe wa wazi. Uamuzi huo naupendelea kuliko ujanja wowote, na ninaunakili katika kila mradi unaonihusu.

Ipo nafasi nyingine, isiyoonekana, ambayo ni hatari kuliko hiyo. Make hufuta nafasi zilizo mwanzoni mwa thamani, lakini huziacha zile za mwishoni. Tazama mstari huu:

`folda := matokeo    # mahali pa mafaili yaliyojengwa`

Maelezo yanaondolewa, lakini nafasi nne zilizo kabla ya `#` zinabaki kuwa sehemu ya thamani. Kisha kanuni ya usafishaji inasema `rm -rf $(folda)/*`, na sheli inapokea `rm -rf matokeo    /*`, yaani futa `matokeo`, kisha futa kila kitu kilicho kwenye mzizi wa diski. Mwongozo rasmi wa GNU Make unaitahadharisha hali hii ya nafasi za mwishoni kwa mfano unaofanana sana na huu, kwa hiyo wahusika wanalijua jambo hili vizuri. Kinga ni rahisi: maelezo yawekwe kwenye mstari wake peke yake, na thamani inayotumika kwenye ufutaji ipitishwe kwanza katika `$(strip ...)`. Unapokuwa na shaka, andika `$(info [$(folda)])`. Mabano ya mraba yatakuonyesha thamani inaishia wapi hasa. Lakini chombo kinachoruhusu maelezo mwishoni mwa mstari, kisha kikaziacha nafasi zilizoyatangulia zigeuke kuwa data, kimemtegea mtumiaji mwangalifu, kwa sababu ni mwangalifu ndiye anayeandika maelezo.

Kuhusu tabo sitakawia, kwa kuwa kila aliyewahi kuigusa Make amekutana nayo. Mstari wa amri lazima uanze kwa tabo halisi, si nafasi nane. Tangu toleo la 3.82 la mwaka 2010 kuna kigeu `.RECIPEPREFIX` cha kuchagua herufi nyingine, nami sishauri kukitumia, kwa sababu kinamchanganya kila msomaji aliyeizoea tabo na hakifanyi kazi kwenye 3.81. Hapa walau chombo kinasema: ujumbe wa `missing separator` unataja faili na mstari, na ukiwa umeweka nafasi nane hukuuliza kama ulikusudia tabo. Kosa linalotajwa namba ya mstari hurekebishwa kwa dakika moja. Nukta mbili katika jina la lengo nazo hukingwa kwa `\:`, na asilimia katika kanuni za ruwaza kwa `\%`, bila matata makubwa.

Herufi zilizo nje ya alfabeti ya Kiingereza, ambazo wengi huziogopa kwanza, ndizo zinazopita salama kuliko zote. Make huyasoma mafaili baiti kwa baiti, na katika usimbaji wa UTF-8 kila baiti ya herufi isiyo ya ASCII ina thamani ya 128 au zaidi, hivyo haiwezekani mojawapo ikafanana na dola, `#` au nukta mbili. Jina la faili lenye herufi za Kiarabu au za Kichina litafika lilivyo. Mtego uliopo ni ile nafasi isiyokatika, U+00A0, inayoingia mtu anaponakili mfano kutoka kwenye ukurasa uliopambwa: kwa jicho ni nafasi, kwa Make ni sehemu ya neno, na majina mawili yanakuwa jina moja ambalo halipo.

Ili hukumu yangu isiwe ya upande mmoja, nimevipima vyombo vingine kwa kipimo hicho hicho. Ninja, ambayo Evan Martin aliianzisha kwa ajili ya kujenga kivinjari cha Chrome, ina herufi moja tu ya kinga, dola, ambayo huweza kufuatwa na dola nyingine, nafasi, nukta mbili au mwisho wa mstari. Mkwaju wa nyuma hauna maana yoyote kwake. Majina yenye nafasi hupita vizuri, na orodha ya `$in`, yaani mafaili ya kuingizwa katika amri, huwekewa nukuu za sheli na chombo chenyewe. Dola isiyo na maana hukataliwa kwa ujumbe unaokuambia uandike `$$`. Hata hivyo kigeu kisichokuwapo huachwa kitupu kimyakimya hapo pia, na mafaili ya Ninja yamekusudiwa kuandikwa na programu, si na mtu.

CMake, ambayo huandika mafaili ya ujenzi kwa ajili ya vyombo kama Make na Ninja, imekwenda mbali zaidi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2014 ina mabano maalumu, `[==[` na `]==]`, ambayo ndani yake hakuna herufi inayotafsiriwa, na hicho ndicho hasa kinachokosekana katika Make. Neno `VERBATIM` katika amri maalumu huikabidhi CMake kazi ya kuweka nukuu zinazofaa kwa kila sheli. Njia ya Windows iliyoandikwa `"C:\Users"` hukataliwa papo hapo kwa sababu `\U` si kinga inayojulikana, na hilo ni jambo jema. Udhaifu wake ni nukta mkato, ambayo ndiyo kitenganishi cha orodha zake zote, na maandishi yenye nukta mkato hukatika humo kama yale yenye nafasi yanavyokatika katika Make. Mafaili ya `.properties` ya Java, yanayotumiwa na chombo cha ujenzi kiitwacho Gradle, ndiyo yaliyonikatisha tamaa kuliko yote: `C:\users` hutupa hitilafu kwa kuwa `\u` inangoja tarakimu nne, ilhali `C:\temp` hupokelewa bila neno na kugeuka njia yenye tabo ndani yake.

Kwa hiyo naipendekeza GNU Make kwa mradi ambao majina ya mafaili na folda yako mikononi mwa wanaouandika, nao wamekubaliana kuyaweka bila nafasi, dola wala `#`. Katika mradi wa namna hiyo, weka `--warn-undefined-variables` katika `MAKEFLAGS`, kigeu kinachoshika chaguo za Make, mwanzoni mwa faili, weka vigeu vya `comma` na `pound` kabla hujavihitaji, simamisha ujenzi ikiwa njia ya folda ina nafasi, na uitazame `make -n` kila unapobadilisha mstari wenye nukuu. Ikiwa watumiaji watauweka mradi mahali popote wapendapo, pamoja na folda zenye majina ya watu na nafasi kati ya majina hayo, andika kwa CMake na uiache itoe mafaili ya Ninja. Na mradi ukilazimika kujengwa kwa 3.81 na 4.4 pamoja, ujaribu kwenye matoleo yote mawili kabla ya kila toleo lako, hata pale ambapo hakuna mstari wa faili la ujenzi uliobadilishwa.